Mbao za Shamba Lako: Jinsi ya Kutengeneza Meza na Kuimaliza

Ukiingia katika nyumba za wakulima wa skimu, kutoka Kinangop hata Trans Nzoia, mara nyingi utaona meza ambayo haikai sawa. Mguu mmoja waelea, na chini yake pamewekwa kipande cha karatasi ngumu. Katika uso wake pana nyufa ambamo makombo ya chakula huingia, na mende huyafuata. Mama wa nyumba ameifunika kwa kitambaa ili wageni wasione. Ukiuliza meza hiyo ina umri gani, utaambiwa, "Ilitengenezwa mwaka jana."

Watu husema fundi alikuwa mbaya. Pengine ni kweli, lakini si mara nyingi. Kazi ya mbao huharibika zaidi mahali pawili: kabla ya msumeno, kwa sababu mbao zilikuwa mbichi, na baada ya msumari wa mwisho, kwa sababu kazi haikumalizwa. Mambo ya katikati, yaani kukata na kuunga, hata mtu asiyekuwa seremala aweza kujifunza akiwa na subira. Somo hili ni la mkulima anayetaka kutengeneza vyombo vya nyumba yake kwa mkono wake, au anayetaka kumsimamia fundi na kujua amwulize nini. Tutachukua meza moja kuwa mfano. Ukiweza kuifanya meza vizuri, basi kitanda, benchi na kabati ni ndugu zake.

MTI WA MIAKA 25 HUKATWA SIKU MOJA

Mpango wa Serikali wa kununua mashamba makubwa ya Wazungu na kuyagawanya kwa wananchi ulianza mwaka 1962, nao ulichukua zaidi ya ekari milioni moja. Wengi waliogawiwa vipande walikuta mistari ya saiprasi na mikaratusi iliyopandwa kukinga upepo. Mingi ya miti hiyo imekwisha kukatwa, na iliyopo leo ni ile waliyoipanda wenyewe na watoto wao. Wazee wakumbuka pia mwaka 1990, vidukari wa saiprasi walipoingia Kenya na kukausha ua na mistari mingi hata ikawa myekundu kama imepitiwa na moto.

Saiprasi ya kupasua mbao yataka miaka 25 hivi, hata 30. Maana yake, mti uliopandwa mtoto wako wa kwanza alipozaliwa waweza kukatwa wakati yeye naye ana mtoto. Hapana mkulima awezaye kusema, "Nimeharibu huu, nitapanda mwingine mwaka ujao."

Februari 2018 Serikali ilipiga marufuku ukataji wa miti katika misitu ya umma na ya jamii, na wanunuzi wengi wakayageukia mashamba ya wakulima. Tangu hapo kila mtu amejua desturi ya wakala: huja na pesa mkononi, huuzunguka mti mara moja, hutaja bei, na juma la pili lori limekwisha kuja. Baada ya miezi sita mkulima yule yule aenda mjini kununua meza ya watoto kusomea, na bei yake yapita bei ya mti mzima. Huenda ikawa ni mbao za mti wake mwenyewe. Hatusemi usiuze miti. Karo za shule hazilipwi kwa meza. Lakini kila mara unapouza miti kumi, bakiza mmoja, uupasue, uzikaushe mbao zake, uziweke kwa kazi ya nyumba yako.

Kabla ya kukata, uliza katika ofisi ya Misitu iliyo karibu nawe. Mbao zinazosafirishwa barabarani zataka kibali, hata zikiwa za shamba lako mwenyewe, na mkulima aliyekamatwa na mbao bila karatasi hupoteza siku nyingi kituoni. Miti ya asili ina sheria kali zaidi. Mwerezi, ambao wengine huuita mutarakwa au tarakwa, usiuguse kabla ya kuuliza.

MTI GANI KWA KAZI GANI

Kwa meza na kabati za ndani, saiprasi yafaa sana. Ni nyepesi, yakubali randa, nayo hushika misumari. Ubaya wake ni vifundo vyenye utomvu, na tena mchwa huila upesi ikigusa udongo. Msindano hauko mbali nayo.

Grevilea, ile tunayoipanda mipakani na katikati ya kahawa, wengi huidharau na kuifanya kuni. Wanapoteza mali. Ikipasuliwa kuelekea moyo wa mti, mbao zake hutoka na madoa ya kung'aa ambayo hakuna rangi iwezayo kuyaiga. Uso wa meza wa grevilea uliopakwa vanishi ni kitu cha kujivunia mbele ya wakwe. Jihadhari na vumbi lake tu, maana huwawasha watu wengine ngozi.

Mkaratusi uache kwa nguzo na paa. Ni mzito na wenye nguvu, lakini hujikunja na kupasuka unapokauka, na kuudhibiti si kazi ya mtu anayeanza.

Kuna mbao za namna nyingine ambazo wakulima husahau: zile za nyumba kuukuu iliyobomolewa. Hizo zimekauka miaka mingi na hazitapinda tena. Lakini angalia rangi iliyo juu yake. Rangi nyingi za zamani zilikuwa na madini ya risasi, na vumbi lake ni sumu, hasa kwa watoto wadogo na mama mja mzito. Ubao wenye rangi ya zamani usiupige msasa mkavu, wala usiuchome motoni. Ulowanishe, uukwangue nje mbali na nyumba, ukusanye maganda yote na kuyafukia mbali na kisima, kisha uoge na kufua nguo ulizovaa. Kama huwezi kufanya hayo yote, uache ubao huo.

KUKAUSHA MBAO

Hapa ndipo tutakapokaa zaidi, maana hapa ndipo watu huharakisha.

Mti ulio hai umejaa maji. Ubao mbichi wa saiprasi waweza kuwa na maji yenye uzito karibu sawa na uzito wa mti wenyewe ukiwa mkavu. Maji hayo yatatoka tu, upende usipende. Yakitoka mbao zikiwa zimepangwa vizuri kivulini, hapana hasara. Yakitoka mbao zikiwa zimekwisha kupigiliwa misumari na kuwa meza, ndipo utasikia mlio usiku kama wa bunduki ndogo, na asubuhi utaona ufa.

Ubao unapokauka haupungui urefu wake kwa kiasi cha kuonekana. Hupungua upana. Ubao wa inchi 6 waweza kupoteza karibu robo ya inchi. Chukua mbao 5 za namna hiyo kwa uso wa meza, nawe umepoteza zaidi ya inchi nzima. Hizo ndizo nyufa za ile meza iliyofunikwa kwa kitambaa. Tena ubao hujikunja kwa kufuata desturi yake: upande uliokuwa karibu na ganda la mti huwa na bonde, na upande wa moyo huinuka. Tazama mwisho wa ubao, usome duara za umri wa mti, nawe utajua utajikunja wapi kabla haujaanza.

Panga mbao zako hivi. Chagua mahali penye upepo na pasipo jua kali, mbali na zizi. Weka mawe au matofali ya kutosha kuziinua mbao futi 1 na nusu juu ya ardhi, na juu yake miti minene iliyo sawa. Panga safu ya kwanza ya mbao, ukiacha nafasi ya kidole kati ya ubao na ubao. Kisha weka vijiti vikavu vya inchi 1 kwa 1, kimoja kila baada ya futi 2, halafu safu ya pili, na vijiti tena. Kila kijiti kikae juu ya kijiti cha chini yake, sawasawa kama matofali ya nguzo. Hapo ndipo wengi hukosea: vijiti vikienda huku na huku, mbao hukauka zikiwa na mawimbi, na hapana randa iwezayo kuziponya. Juu ya yote weka mabati, na juu ya mabati mawe mazito. Pande zote ziache wazi, upepo upite.

Miisho ya mbao hukauka upesi kuliko katikati, ndiyo maana hupasuka. Ipake rangi yoyote kuukuu au nta mara tu mbao zinapotoka kupasuliwa. Rangi kidogo siku hiyo yaokoa inchi nyingi za mbao.

Je, zitakauka kwa muda gani? Mbao za saiprasi za unene wa inchi 1, zisipokutana na mvua ya masika, mara nyingi hutaka miezi 2 au 3. Zile za inchi 2 hutaka muda mrefu zaidi ya maradufu. Lakini Kinangop si Kitale, na ukungu wa mwezi wa Julai haujui kalenda yetu. Heri kutumia mizani. Kata kipande cha futi 1 kutoka katikati ya ubao mmoja, kipake rangi miisho yake, kipime kwa mizani ya duka au ya kupimia majani chai, uandike uzito wake na tarehe. Kirudishe katikati ya rundo. Kila juma kipime tena. Uzito utapungua upesi mwanzoni, kisha polepole. Majuma 3 yakipita bila uzito kupungua, mbao zimekauka kadiri upepo wa kwenu uwezavyo kuzikausha. Kisha ziingize ndani ya nyumba majuma 2 kabla ya kuanza kazi, maana nyumba yenye moto ni kavu kuliko nje.

Ukinunua mbao dukani, usiamini maneno. Inua ubao mmoja na mwingine wa urefu ule ule. Mzito kuliko wenzake ni mbichi. Ubao ulio baridi ukiuweka shavuni, nao una maji. Muuzaji atacheka, lakini meza ni yako.

KUTENGENEZA MEZA

Meza yetu ina urefu wa futi 4, upana wa inchi 28 na kimo cha inchi 29. Watu wanne hula hapo bila kugongana viwiko, na mtoto aweza kuandika. Mbao zinazotakiwa ni hizi: kwa uso wa meza, futi 22 za 6 kwa 1, kwa miguu, futi 10 za 3 kwa 3, kwa mbavu zinazounga miguu, futi 12 za 4 kwa 1. Hesabu hizi zina ziada kidogo kwa ajili ya miisho iliyopasuka. Vyombo vyako ni msumeno, randa, patasi ya inchi 3/8, nyundo, nyundo ya mti, keekee, bisbisi, skwea na penseli. Usipokuwa na randa nzuri, uliza katika chuo cha ufundi kilicho karibu. Vyuo hivyo vya vijijini vilianza miaka ya 1960 kwa ajili ya vijana waliomaliza shule bila kazi, na vingine vina mashine ziwezazo kupiga randa mbao zako zote kwa saa moja.

Kata miguu 4 ya inchi 28. Kata mbavu 2 za inchi 39 na nusu na mbavu 2 za inchi 19 na nusu. Katika kila mwisho wa ubavu chonga ulimi wa inchi 1 na nusu, wenye unene wa inchi 3/8. Katika kila mguu, upande wa juu, chonga matundu mawili ya kupokea ndimi hizo. Chonga tundu kwanza, kisha ulimi ufuate tundu, maana ni rahisi kupunguza ulimi kuliko kupunguza tundu. Ulimi uingie kwa kusukumwa na mkono na kumaliziwa na nyundo ya mti. Ukilazimika kuupiga kwa nguvu, utaupasua mguu. Ukiingia wenyewe kama mguu katika kiatu cha baba, gundi haitakusaidia.

Wengine watauliza, kwa nini tusipigilie misumari tu? Kwa sababu meza husukumwa, hukokotwa na kukaliwa na watoto. Msumari peke yake hulegea kila inaposukumwa, lakini ulimi ndani ya tundu hauna pa kwenda. Misumari tutaiacha kwa sanduku la kuku. Ukiitumia huko, iwe na urefu mara tatu ya unene wa ubao wa juu, na uigonge ncha yake kidogo kwa nyundo kabla ya kuipigilia. Ncha butu hukata nyuzi za mti. Ncha kali huzitanua na kupasua ubao.

Unga kwanza bila gundi na utazame. Ukiridhika, paka gundi nyeupe ya maseremala ndani ya tundu na juu ya ulimi, unga, kisha zungusha kamba pande zote za miguu na uikaze kwa kusokota kijiti katikati yake. Sasa pima kutoka pembe hadi pembe, na pembe zile nyingine mbili vivyo hivyo. Vipimo viwili vikiwa sawa, meza yako iko mraba. Visipokuwa sawa, sukuma pembe iliyo mbali kabla gundi haijashika. Gundi inayomwagika ifute papo hapo kwa kitambaa chenye maji, kwa sababu nitakazoeleza baadaye. Iache hadi kesho.

Uso wa meza huungwa kwa kingo. Piga randa kingo za mbao 5 mpaka ukishika mbili pamoja mbele ya dirisha mwanga haupiti. Zilaze zikiwa zimepishana, moja upande wa moyo juu, inayofuata upande wa ganda juu, ili kila moja ikitaka kujikunja izuiwe na jirani yake. Usipokuwa na vyuma vya kubania, pigilia miti miwili juu ya ubao imara, weka mbao zako katikati, na ukaze kwa kabari. Weka gazeti chini yake zisigandamane na ubao, na mawe juu yake zisiruke.

Sasa jambo ambalo mafundi wengi hawalifanyi. Hata ubao mkavu huvimba kidogo wakati wa mvua na kunywea wakati wa kiangazi. Uso wa meza ukipigiliwa misumari kwenye mbavu, hauna nafasi ya kupumua, nao utapasuka katikati. Uushike kwa vishikizo vya mbao. Chonga vitundu vidogo upande wa ndani wa mbavu, nusu inchi chini ya ukingo wa juu. Kata vipande vidogo vya mbao vyenye ulimi mfupi, ulimi uingie katika kitundu, na kipande chenyewe kikazwe kwa skrubu kwenye uso wa meza kwa chini. Kati ya kipande na ubavu acha nafasi ya inchi 1/8, ili uso wa meza uweze kutembea. Vishikizo 8 vyatosha. Skrubu zisiingie zaidi ya nusu inchi katika uso wa meza, zisije zikatokeza kwenye sahani.

Meza ikisimama kwa kuyumba, usikate mguu kwa kukisia. Iweke mahali palipo sawa kabisa, uisimamishe sawa kwa vipande vidogo vya mbao chini ya mguu mfupi, kisha lala chini na penseli iliyowekwa juu ya kibao kimoja, uizungushe kila mguu mstari ule ule. Kata kwa mistari hiyo.

KUIMALIZA KAZI

Meza imesimama, mama amefurahi, na watoto wameanza kuweka vitabu juu yake. Waondoe. Kazi imefika nusu.

Mbao zisizopakwa kitu hunywa chai, mafuta ya taa, uji na mvuke wa jikoni. Kila zinapolowa huvimba, zikikauka hunywea, na kila mara kiungo hulegea kidogo. Watu hudhani vanishi ni ya urembo. Hiyo ndiyo paa ya meza.

Anza na msasa. Funga karatasi ya msasa juu ya kibao, usitumie vidole vitupu, na usugue kufuata nyuzi za mti. Ukisugua kwa kukata nyuzi, mikwaruzo haitaonekana leo, itaonekana chini ya vanishi. Anza na namba 80, kisha 120, kisha 180. Usiruke namba. Kisha futa uso wote kwa kitambaa chenye maji kidogo, uache ukauke. Vinyweleo vya mti vitasimama kama ndevu za siku mbili. Piga 180 tena, kwa mkono mwepesi. Baada ya hapo havitasimama tena. Vunja pia makali ya pembe zote kwa msasa, kwa sababu vanishi haikai juu ya ukingo mkali, na kwa sababu paji la uso la mtoto lina kimo kile kile cha meza.

Sasa utaelewa kwa nini gundi ilitakiwa kufutwa. Mahali penye gundi kavu hapanywi vanishi, na patabaki doa jeupe ambalo huwezi kulificha. Ukiliona mapema, likwangue kwa patasi.

Vifundo vya saiprasi vipake shelaki kwanza, mara mbili, hasa ukikusudia kupaka rangi. Bila hivyo utomvu utapenya na kutoa madoa ya manjano baada ya miezi michache.

Soma maandishi ya debe. Vanishi nyingine husafishwa kwa tapentini, nyingine kwa maji, wala hazichanganywi. Ikiwa ni ile ya tapentini, mkono wa kwanza uongezewe tapentini, kama kipimo 1 kwa vipimo 5 vya vanishi, ili uingie ndani ya mbao. Anza chini ya meza, na ndani ya mbavu, na miisho ya mbao, na nyayo za miguu. Wengi hupaka panapoonekana tu. Ubao uliopakwa upande mmoja hunywa unyevu kwa upande wa pili na kujikunja, hata ukiwa ulikaushwa mwaka mzima. Mwisho wa ubao hunywa maji kama mrija, basi upake mara mbili. Ndivyo ilivyo pia kwa milango: mlango unaokataa kufungwa wakati wa mvua mara nyingi haukupakwa rangi ukingo wake wa juu na wa chini.

Baada ya mkono wa kwanza kukauka, ziba mashimo ya misumari na nyufa ndogo kwa puti. Ukiiweka puti kabla, mbao kavu hunyonya mafuta yake, nayo huanguka. Kisha piga msasa wa namba 220 kwa wepesi, futa vumbi lote, paka mkono wa pili, usiku upite, msasa tena, mkono wa tatu. Mikono mitatu myembamba hukaa miaka kuliko mmoja mnene, ambao hukunjamana kama maziwa yaliyochemka.

Chagua saa yako. Katika nyanda za juu umande hukauka kwa kuchelewa na ukungu hurudi mapema, na vanishi inayokutwa na ukungu kabla haijakauka hugeuka nyeupe. Paka kati ya saa 4 asubuhi na saa 8 mchana, ndani ya banda lenye hewa, siku ambayo hapana mtu anayepura maharagwe wala kufagia.

Kwa kigoda, mpini wa jembe au kiti cha kukamulia, mafuta ya kitani yaliyo tayari dukani kama "yaliyochemshwa" yafaa kuliko vanishi. Yapake, ngoja robo saa, kisha ufute yote yaliyobaki juu, la sivyo yatanata hata mwaka ujao. Usijaribu kuyachemsha wewe mwenyewe motoni. Mwiko na kibao cha kukatia nyama visipakwe kitu. Vioshwe na kukaushwa.

HATARI TATU

Ya kwanza ni matambara yenye mafuta ya kitani. Mafuta hayo yanapokauka hutoa joto, na matambara yaliyorundikwa pembeni yaweza kuwaka moto yenyewe, bila kiberiti, saa nyingi baada ya wewe kwenda kulala. Hii si hadithi. Nyumba na karakana zimeungua hivyo. Yatandaze nje moja moja mpaka yawe makavu na magumu, au yatie katika debe la maji lenye kifuniko.

Ya pili ni mbao na nguzo zenye rangi ya kijani, zilizotiwa dawa ya kuzuia mchwa kwa nguvu za mashine. Dawa hiyo mara nyingi ina arseniki. Ni nzuri kwa nguzo za ua. Isiwe meza ya chakula wala hori la ng'ombe, na vipande vyake visiingie jikoni kabisa, maana sumu hubaki katika moshi na majivu, na majivu yale mama huyatia bustanini.

Ya tatu ni oili chafu ya gari. Wakulima huipaka kwenye nguzo, na twajua sababu yake. Lakini isipakwe kitanda, kabati la unga, wala kitu chochote ambacho ng'ombe aweza kulamba.

BAADAYE

Meza iliyo tayari ipe juma 1 kabla ya kuweka sufuria za moto juu yake, na hata baada ya hapo weka kitu chini ya sufuria. Ikiwa sakafu ni ya udongo, kila mguu ukae juu ya jiwe bapa, nawe uinue meza kila mwezi kutazama kama mchwa wameanza kujenga njia zao. Ikiwa ni ya simiti, maji ya kupigia deki yasisimame miguuni.

Brashi ioshwe siku ile ile, kwa tapentini au kwa maji kulingana na vanishi yako, kisha kwa sabuni, uining'inize nywele zikitazama chini. Vanishi iliyobaki ifunike, upige kifuniko kwa nyundo pande zote, na debe uliweke mbali na watoto na mbali na moto. Andika juu yake tarehe na jina la chombo ulichopaka, maana baada ya miaka 3 au 4 uso wa meza utataka msasa mwepesi na mkono mmoja tena, na itafaa ujue ulitumia vanishi gani.